Siku Tulipochoma Vipoyi

Vijana wangu, ile ripoti yenu ya mwaka mliyoniletea nimeisoma yote, hadi ukurasa wa mwisho wenye picha ya wakubwa wakipeana mikono. Karatasi yake ni nzuri. Inang'aa, haipitishi maji, na mke wangu ameshaniuliza kama anaweza kufunikia chungu cha maharagwe. Nimemwambia angoje kwanza niwajibu.

Mlitaka maoni yangu kwa sababu kazi hii niliifanya kabla yenu. Nilikuwa animateur wa shirika, yaani mtu wa kupanda milima ya Butembo na kuteremka hadi Mbau na Kamango akiwa na fomu kwapani, kuwauliza watu kama wameendelea kuliko mwaka jana. Nguzo zetu zilikuwa tatu kama zenu: elimu, kipato, afya. Na kila mwaka zote tatu zilipanda. Kuna mwaka ambao barabara ya Beni ilifungwa kwa vita, watu wakalala porini, kakao ikaozea mashambani, lakini ripoti yetu ikasema kipato kimepanda. Kilipanda wapi? Labda kilipanda mti, na hakijashuka hadi leo.

Msije mkasema ni wageni wafadhili waliotufundisha uongo. Direkta wetu alizaliwa papa hapa Butembo, alilelewa kwa maharagwe na viazi kama mimi, na mama yake alikuwa anauza mkaa. Uongo wetu tuliupika wenyewe, kwa kuni zetu. Wageni walikula tu.

Sasa sikilizeni. Kwenye ukurasa wenu wa afya nimeona mstari unaosema kwamba katika vijiji vyenu usafiri wa kizamani wa wagonjwa umekwisha, na mbele yake mmeweka sifuri nene, ya rangi ya kijani. Sifuri hiyo naijua. Ni mimi niliyeizaa.

Lakini kwanza niwape kitu cha maana, msije mkasema mzee amewaita kuwatukana tu. Aliyenifundisha kazi si ofisi. Ofisi ilinifundisha kujaza fomu. Kazi nilifundishwa na Mama Kahindo, muuguzi wa kituo kidogo cha afya katika kijiji kimoja cha juu, saa nne za mguu kutoka mjini. Jina la kijiji siliandiki, wenyewe watajijua. Siku ya kwanza alinitazama nikitoka nyumba hadi nyumba na kalamu yangu, akacheka mpaka akashika ukuta.

"Animateur, weye unaingiaka kwa mulango ya mbele," akaniambia. "Batu banakutandikia kiti, banakuambia mambo yenye unataka. Pita kule nyuma, kwa jikoni. Angalia chumvi."

Chumvi! Mimi nilikuwa na maswali kurasa sita. Lakini alisema kweli. Nyumba inayonunua chumvi kwa kijiko haina kipato, hata kama baba amevaa koti. Nyumba yenye chumvi ndani ya kopo lenye kifuniko inajua kesho itakula nini. Kwa afya, angalia njia inayokwenda kituoni: ikiwa nyasi zimeifunika, watu hawaendi, hata daftari la kituo liwe limejaa. Kwa elimu, usihesabu watoto Jumatatu. Hesabu siku ya soko, ndipo utajua nani amebaki darasani na nani amebebeshwa viazi.

Niliyajua hayo yote, na sikuyaandika popote, kwa sababu fomu haikuwa na nafasi ya chumvi. Fomu iliuliza sare. Basi nikahesabu sare. Katika shule ya kijiji hichohicho kulikuwa na sweta moja la bluu lenye tundu la moto kwenye kiwiko. Nililikuta darasa la kwanza. Nilipoingia darasa la pili nikalikuta limefika kabla yangu, limepitia dirishani. Darasa la tatu likaniamkia tena, limevaliwa na msichana anayehema. Niliandika sare tatu. Mwalimu alinishukuru kwa macho, nami nikamshukuru kwa macho, na elimu ikapanda.

Haya, turudi kwenye vipoyi.

Kwa ninyi mnaopanda pikipiki hata kwenda kununua kiberiti: kipoyi ni machela. Mianzi miwili mirefu, mikavu, kamba zilizosukwa katikati, blanketi juu. Kijiji kile kilikuwa na vinne, vimetundikwa ndani ya kyaghanda, lile banda ambamo wanaume wanakaa kuzungumza mambo yao. Kila nyumba ilikuwa mwanachama. Firimbi ikilia, kila nyumba inatoa mwanaume. Nyumba isiyo na mwanaume inatoa kamba au inawapikia wabebaji. Asiyetokea anatozwa dumu la kasiksi, pombe yetu ya ndizi, na inanywewa mbele yake bila yeye kuonjeshwa. Sheria ilisema asiyebeba habebwi. Lakini sikuwahi kusikia mtu aliyeachwa. Mvivu naye alibebwa, ila alitukanwa njia nzima hadi mlango wa hospitali.

Na kuna jambo moja ambalo hata mtoto alilijua. Mgonjwa hutangulizwa kichwa. Anayetangulizwa miguu ni maiti. Watu wanaokutana na msafara njiani hutazama hilo kwanza kabla ya kusalimia. Na kwa kuwa njia ya mjini ni ya kuteremka, wabebaji warefu wanakaa mbele na wafupi nyuma, ili kichwa cha mgonjwa kisishuke chini. Sijaona semina iliyofundisha kitu chenye akili kama hicho, na semina nilizokaa ni nyingi, nyingine zilikuwa hata na biskuti.

Mwaka mmoja fomu ilibadilika. Chini ya afya ukatokea mstari mpya: je, kijiji bado kinasafirisha wagonjwa kwa njia za kizamani? Ukijibu ndiyo, nguzo inashuka. Shirika likaleta pikipiki ya magurudumu matatu yenye kitanda nyuma, ikakabidhiwa kamati ya kijiji. Ili ipate mafuta, kamati iliruhusiwa kuikodisha siku ambazo hakuna mgonjwa. Direkta alifurahi kama aliyeokota ng'ombe. Pikipiki hiyohiyo ikibeba mgonjwa ni afya, ikibeba viazi ni kipato.

Kisha wageni walitangaza kuja, na Direkta akaniita. "Paluku, picha ya pikipiki peke yake haisemi kitu. Tunahitaji avant na après." Yaani ya zamani yaonekane yanaondoka, na mapya yanaingia. Nikapanda mlimani kupanga sherehe. Ni mimi niliyetoa wazo la kuvichoma. Direkta hakulitoa, msimsingizie. Nililitoa mimi na nikajiona nina kipaji.

Mama Kahindo alinijia pembeni. "Moya tu ibakie," akasema. "Pikipiki ni chuma. Chuma inachokaka."

"Mama, nikiacha kimoja siwezi kuandika sifuri."

"Na nani anakula sifuri?"

Mkuu wa kikundi cha kipoyi alikuwa Kasereka, mtu mfupi, mpana, asiye na maneno mengi. Alivitoa vyote vinne kwa mikono yake, akavilaza chini kwa uangalifu kana kwamba vina watu. Alikubali kwa sababu mgeni hakataliwi, na kwa sababu nilikuwa nimesimama mbele ya kijiji kizima nikaapa kwamba pikipiki itakuwepo. Mianzi mikavu hupasuka kwa kishindo ikiungua. Wageni walidhani ni fataki zetu za kienyeji, wakapiga makofi. Picha ilitoka nzuri sana.

Miezi michache baadaye, siku ya soko, nilipanda tena kuhesabu sare. Nilikuwa darasa la pili, nikilingoja lile sweta, niliposikia firimbi.

Alikuwa Kavira, mke wa Kasereka. Uchungu ulimshika tangu alfajiri. Mama Kahindo alitoka ndani ya kituo akikausha mikono na kusema mtoto amelala kimshazari, hapo haiwezekani, lazima apelekwe mjini kupasuliwa, na apelekwe sasa. Ilikuwa saa tano asubuhi. Nilikimbia hadi kilimani juu ya shule, mahali pekee penye réseau, yaani mtandao wa simu, nikampigia dereva wa pikipiki.

"Niko sokoni na bakiliya, papa," akasema, yaani wateja waliomkodi. "Ninapakia viazi yabo. Lakini nitapanda magaribi."

Magharibi! Niliteremka na jibu hilo mdomoni. Wanaume walikuwa wametoka wote, kila nyumba na mtu wake kama sheria inavyotaka, na wamesimama mikono mitupu. Hakuna aliyenitukana, na hilo ndilo lililonichoma. Walikuwa wameshakata mianzi mibichi, lakini mianzi mibichi inapinda, haibebi mtu. Ngazi haikuwepo. Milango ya pale ni ya mabati na vijiti. Ndipo mmoja akasema, "Ubao."

Ubao wa shule. Tuliutoa sisi mwaka uliotangulia: mbao nzito, zimepigwa misumari vizuri, rangi nyeusi, na juu kabisa jina la shirika letu kwa herufi nyeupe. Ulitosha mtu kulala. Kasereka alikuwa tayari anatembea kuelekea shuleni.

Na mimi, vijana, mimi niliyekula chumvi ya kijiji kile, nikainua mkono. Nikasema, "Ngojeni kidogo. Ubao ni mali ya mradi. Niombe ruhusa ofisini."

Msicheke. Nawajua, na ninyi mngeomba. Mnaomba ruhusa hata ya kubadilisha balbu.

Walingoja. Walinitii kwa sababu niliyeongea ni animateur. Nikapanda tena kilimani. Direkta alipokea akanong'ona kwamba yuko kwenye kikao. Nikamweleza. Akasema, "Paluku, ubao ukivunjika, kwenye elimu nitaweka nini? Ngoja nitoke, nitakupigia." Nikangoja. Nilisimama pale juu nikiitazama simu, na chini nawaona wanaume wamesimama mbele ya shule wakinitazama mimi. Sauti ya Kavira ilifika mpaka pale. Simu haikulia. Sijui nilingoja muda gani. Nimejaribu mara nyingi kuupunguza, na kila nikikumbuka unarefuka.

Aliyemaliza ngoja-ngoja hiyo ni Mama Kahindo. Nilipotazama tena, alikuwa amejitokeza mlangoni pa shule akiwa ameshika upande mmoja wa ubao, Kasereka upande wa pili. Nilikimbia kushuka. Aliniambia bila hata kunigeukia, "Weye ungojee rapport yako. Siye tunaenda." Kisha akanitazama urefu wangu. "Hapana. Uko murefu. Kamata mbele."

Kavira akalazwa juu yake, nami nikakamata mbele. Fomu zangu ziliangukia matopeni na hakuna aliyeziokota, hata mimi. Bega langu halikuwa limewahi kubeba kitu kizito kuliko mkoba, na baada ya kona ya kwanza ngozi ilikuwa imechubuka. Mwalimu, aliyekuwa akitembea kando, akanitupia sweta la kuweka begani chini ya ubao. Nililitambua kwa tundu lake. Tulikwenda kwa kubadilishana, wawili wanatoka wawili wanaingia bila kusimama, na kwangu kila mara walimtafuta mrefu mwingine wakamkosa. Kavira alikuwa ameshika kingo za ubao kwa mikono miwili. Kwenye kitenge chake chaki ilikuwa imenakili hesabu za asubuhi za darasa la tatu.

Tulifika hospitali mchana umepinda. Walimpasua. Yeye alipona. Mtoto alikuwa wa kike, na hakulia.

Daktari alitoka kwenye korido, akamwambia Kasereka polepole, kama anayeomba radhi, "Papa, ni muda. Kama mungefika mbele kidogo, hata saa moja tu." Kasereka aliitikia kwa kichwa. Saa hiyo moja nilijua mahali ilipokuwa. Ilikuwa kilimani juu ya shule, mkononi mwangu. Naye alijua. Hakunitazama. Alikwenda kumfunga mwanawe kwenye kile kitenge chenye chaki.

Mnataka kujua nilichoandika mwishoni mwa mwaka? Niliandika hivi: mama mmoja mwenye tatizo la uzazi alifikishwa hospitalini kwa kutumia vifaa vya mradi, akapona. Someni tena. Hakuna neno la uongo hapo. Vifaa vya mradi ni ubao. Kwenye elimu niliandika kwamba ubao unatumiwa pia na jamii. Kwenye kipato niliandika kwamba pikipiki ilisafirisha mazao siku zote za soko bila kukosa. Nguzo zote tatu zikapanda. Direkta akasema nina kalamu nzuri, na akaniagiza niwafundishe wenzangu.

Mnadhani niliacha kazi? Sikuacha. Nilikuwa na watoto shuleni na ujasiri wangu ulikuwa mdogo kuliko njaa yangu. Nisiwadanganye kwamba niligeuka mtakatifu siku moja. Nilichofanya ni kidogo: Jumapili moja baada ya misa nilipanda hadi kijiji kile bila fomu, nikaingia kyaghanda, nikamwomba Kasereka na kikundi chake wanihukumu kwa sheria yao.

Kasereka akasema, "Dumu ya kasiksi. Na vipoyi vine. Utasuka weye mwenyewe."

Kasiksi walikunywa mbele yangu hadi tone la mwisho. Vipoyi vilinichukua miezi, Jumapili kwa Jumapili. Mwanzi unakatwa mwezi ukiwa mwembamba, unakaushwa kivulini, si juani, la sivyo unapasuka. Kamba inalowekwa kwanza, inasukwa ikiwa na maji, ndipo ikikauka inakaza. Cha kwanza nilichopeleka walikizunguka wakikitazama, kisha mmoja akauliza kama ni cha kubebea kuku. Wakakifumua. Cha pili wakakifumua. Cha tatu Kasereka alikilalia mwenyewe, akajigeuza mara mbili, akainuka na kukitundika. Kavira alipita nje na mzigo wa kuni. Hakuingia.

Tangu mwaka huo, kwenye ule mstari nilijibu ndiyo: vipoyi vipo, vinne. Nguzo ikashuka kidogo. Direkta aliirekebisha mwenyewe ofisini, kwa kalamu yake, na kila mwaka tulifanya hivyo, mimi nikiandika nne, yeye akiandika sifuri, kama ndugu wawili wanaofunga na kufungua dirisha moja. Siku nilipostaafu alinipa saa ya ukutani. Haitembei.

Nilihamia shamba la mke wangu, juu katika kijiji kile kile, na jina langu likaingia rasmi katika kikundi. Na msimu wa mvua uliopita nikateleza kwenye maharagwe, nikavunjika nyonga. Mke wangu aliipigia ile pikipiki mpya, ile iliyomo kwenye ripoti yenu inayong'aa, picha nusu ukurasa. Haikuwa na tairi la nyuma. Lilikuwa limeazimwa na pikipiki nyingine, tangu mwezi mzima.

Firimbi ikalia. Walikuja. Kasereka sasa ana mvi, lakini bega lake ni lilelile. Walileta kipoyi nilichosuka kwa mikono yangu, wakanilaza, miguu ikatokeza nje kwa urefu. Na kwa kuwa nilikuwa nimekosa kutokea mara mbili mwaka huo nikisingizia mgongo, walinitukana kutoka mlangoni. Walitukana urefu wangu, uzito wangu, kalamu yangu, shirika langu, hata saa yangu ya ukutani. "Miguu hii bakate tu," mmoja akasema, "itakuwa mwepesi." Nilicheka huku nalia kwa maumivu.

Kavira alikuwa nyuma na sufuria ya chakula cha wabebaji. Tulipotoka uani, vijana wawili wasio na uzoefu walikuwa wamenikamata kinyume, miguu mbele, na hakuna aliyeona kwa sababu ya kelele. Niliona mimi, na nikanyamaza. Nilidhani labda ni haki.

Yeye ndiye aliyeona. Aliweka sufuria chini katikati ya njia, akatuzuia wote kwa mkono mmoja.

"Mugeuze," akasema. "Kichwa mbele. Huyu tungali naye."